Kupanda kwa Dozi: Insulini, Ukuaji na Uhaba katika Pwani ya Tanga

Historia ya kisukari cha aina ya kwanza katika pwani ya kaskazini ya Tanzania husimuliwa zaidi kama historia ya dawa kupatikana au kukosekana: kwamba insulini iligunduliwa ng'ambo, ikachelewa kufika, ikawafikia wachache, na hatimaye ikaanza kutolewa katika kliniki za hospitali kubwa. Masimulizi hayo ni sahihi, ila yanaacha nyuma jambo ambalo mgonjwa hulikabili mwaka hadi mwaka, nalo ni kwamba kiasi cha insulini kinachomtosha leo huenda kisimtoshe mwakani, na kwamba katika vipindi kadhaa vya maisha, hasa utotoni, wakati wa balehe, wakati wa ujauzito na wakati wa homa, mahitaji hayo hupanda, mara nyingine kwa kasi kubwa. Makala haya yanaichunguza historia hiyo kutoka upande wa dozi inayopanda, kwa kuitazama Chumbageni, kata mojawapo ya Jiji la Tanga, pamoja na mwambao na mashamba yanayouzunguka mji huo. Hoja yake ni kwamba mifumo iliyoleta insulini katika eneo hili ilijengwa juu ya dhana ya kiasi kisichobadilika, ilhali ugonjwa wenyewe haukuwahi kukubali kiasi cha namna hiyo.

Kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale ambapo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, hushambulia seli beta, yaani seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ambayo ni homoni inayoiwezesha sukari iliyomo katika damu kuingia kwenye misuli na kutumika. Mtu aliyepoteza seli hizo hana budi kuchomwa insulini maisha yake yote, na akiikosa kwa siku chache tu mwili wake huanza kuyayeyusha mafuta bila mpaka, kemikali ziitwazo ketoni zikajaa katika damu na kuitia asidi, hali inayojulikana kitaalamu kama ketoasidosisi na ambayo, isipotibiwa, huua. Hapo ndipo aina ya kwanza inapotofautiana na aina ya pili, iliyoenea zaidi kwa watu wazima, ambayo ndani yake mwili huendelea kutengeneza insulini lakini hushindwa kuitumia ipasavyo. Tofauti hiyo ilibainishwa na daktari Mwingereza Harold Himsworth mwaka 1936, alipowagawa wagonjwa katika wale ambao miili yao huiitikia insulini upesi na wale ambao miili yao huipinga.

Mji wa reli, mkonge na malaria

Tanga ya kisasa ilizaliwa na reli na mkonge. Ujenzi wa Reli ya Usambara ulianza bandarini Tanga mwaka 1893, mwaka uleule ambao Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge nchini, na njia hiyo ikafika Moshi mwaka 1911, ikiugeuza mji kuwa mlango wa mashamba makubwa yaliyotegemea manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali. Wajerumani walijenga hospitali kando ya bahari upande wa Bombo, ambako jengo la zamani liitwalo Cliff Block lingali lipo, na Bombo ndiko iliko leo hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo mkazi wa Chumbageni huitegemea maradhi yanapozidi uwezo wa zahanati. Katika milima ya Usambara Mashariki Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti ya Amani mwaka 1902, na katikati ya karne ya 20, chini ya utawala wa Waingereza, mahali hapohapo pakawa makao ya taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki.

Mazingira hayo yana maana kwa historia ya kisukari, kwa sababu huduma za afya za kikoloni katika ukanda huu zilipangwa kwa kuyalenga maradhi yanayoambukiza na kwa kulenga nguvu kazi. Mgonjwa aliyetarajiwa hospitalini alikuwa mtu mzima mwenye homa, kidonda, safura au kuhara, ambaye angepona na kurudi kazini au angefariki. Mtoto aliyehitaji dawa ileile kila siku kwa miaka 40 au 50, tena kwa kiasi kinachoongezeka kadiri anavyokua, hakuwa na nafasi katika mpango huo, wala rejista za wakati ule hazikuwa na safu ya kumfuatilia. Ujuzi wa malaria nao ulikuwa na upande wake wa pili, kwa kuwa mtoto aliyeanza kuugua kisukari kwa kishindo hutapika, hupumua kwa nguvu na kwa haraka, husinzia na kisha kupoteza fahamu, dalili ambazo katika mkoa wenye malaria nyingi ni rahisi kuchukuliwa kuwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya mapafu.

Ndiyo maana taarifa za awali za madaktari wa Afrika Mashariki zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Albert Cook, mwanzilishi wa hospitali ya Mengo nchini Uganda, aliandika mwaka 1901 kwamba kisukari kilikuwa nadra na chenye kuua sana, na maelezo hayo mawili yanahusiana kuliko yanavyoonekana, kwani ugonjwa unaoua ndani ya wiki chache kabla mgonjwa hajafika kwa daktari utaonekana kuwa nadra hata kama si nadra. Katika kaya za pwani, mtoto aliyekonda ghafla huku akinywa maji mengi na kukojoa sana alitafutiwa mitishamba au tiba za kisomo kama kombe na ruqya, na hakuna hospitali yoyote duniani ambayo wakati huo ingemfanyia zaidi ya kumnyima chakula ili asogeze siku.

Insulini yafika, mahitaji yaanza kupanda

Hali hiyo ilibadilika Toronto, Kanada, ambako Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi katika maabara ya J. J. R. Macleod mwaka 1921 na kusaidiwa baadaye na mkemia James Collip, walifanikiwa kukamua insulini kutoka kwenye kongosho za wanyama. Mgonjwa wa kwanza, Leonard Thompson mwenye umri wa miaka 14, alichomwa sindano tarehe 11 Januari 1922, na baada ya Collip kuisafisha zaidi dawa hiyo, sindano za tarehe 23 Januari zilishusha sukari yake kwa namna iliyothibitisha kwamba maisha yangeweza kuendelea. Banting na Macleod walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1923, na haki za ugunduzi huo zilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa malipo ya dola moja kwa kila mmoja wa waliotajwa katika hataza, kwa nia kwamba dawa isije ikahodhiwa.

Kilichofuata ndicho kisichosimuliwa mara nyingi. Mara baada ya watoto kuanza kuishi, madaktari waligundua kwamba mtoto aliyeanza na dozi ndogo hakubaki nayo. Katika miezi ya mwanzo ya tiba, seli beta chache zilizosalia hupata ahueni na kuchangia insulini yao, hivyo dozi hushuka, pengine chini ya nusu yuniti kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na familia nyingi huamini kwamba ugonjwa unaondoka. Kisha seli hizo humalizika na dozi hupanda tena. Mtoto ambaye hajabalehe huhitaji kwa kawaida kati ya yuniti 0.7 na 1 kwa kilo, na anapobalehe kiasi hicho huweza kuvuka yuniti 1.2 na hata kukaribia 2 kwa kilo, huku uzito wenyewe nao ukiongezeka.

Sababu ya ongezeko la balehe ilianza kueleweka kupitia kazi za Bernardo Houssay wa Argentina, aliyeonyesha kwamba tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa vitu vinavyopingana na insulini, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Homoni ya ukuaji inayotoka katika tezi hiyo huongezeka sana wakati wa balehe, na kwa mtoto mwenye kongosho nzima mwili hujibu kwa kutoa insulini zaidi bila yeye kujua. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza jibu hilo lazima litoke kwenye kichupa. Kupanda kwa dozi katika umri huo, kwa hiyo, ni dalili ya mwili kufanya kazi yake ya kukua, na tafsiri iliyoenea kwamba mtoto anayechomwa yuniti nyingi ana kisukari kikali kuliko mwenzake haina msingi.

Ushahidi wa upande wa pili, yaani wa mtoto ambaye dozi yake haikupandishwa, ulitolewa na daktari Mfaransa Pierre Mauriac mwaka 1930, alipoeleza hali ambayo baadaye ilipewa jina lake. Mtoto anayepata insulini ya kumzuia asife lakini isiyotosha kumkuza hubaki mfupi, ini lake huvimba, uso hujaa na balehe huchelewa. Hali hiyo, ambayo katika nchi tajiri imekuwa nadra, imeendelea kuonekana katika nchi ambako insulini hutolewa kwa uhaba, na kwa mwanahistoria ni kielelezo chenye uzito, kwa sababu mwili wa mtoto wa namna hiyo huwa umebeba kumbukumbu ya ugavi: pale ambapo dozi haikuongezeka kufuata ukuaji, ukuaji ulipunguzwa kufuata dozi.

Wanawake waja wazito walifunua sura nyingine ya jambo hilo. Kabla ya insulini, wanawake wachache wenye ugonjwa huu walifikia kuzaa, na baada yake kliniki za Marekani na Ulaya zilijifunza kwamba mahitaji hushuka kidogo katika miezi ya mwanzo ya mimba, kisha hupanda kutoka mwezi wa nne au wa tano, kwa kuwa homoni za kondo la nyuma huupunguzia mwili uwezo wa kuitikia insulini, hata kufikia maradufu kabla ya kujifungua. Mara kondo linapotoka, mahitaji huporomoka ndani ya saa chache, na mama anayeendelea na dozi ya ujauzito huwa hatarini kushukiwa sukari na kuzimia. Priscilla White wa Boston, aliyechapisha mwaka 1949 mpangilio wake maarufu wa wajawazito wenye kisukari, alionyesha kwamba uhai wa mtoto ulitegemea ufuatiliaji wa karibu wa mabadiliko hayo.

Sababu nyingine ya dozi kupanda ilitokana na dawa yenyewe. Insulini ya miongo sita ya kwanza ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe, na mwaka 1956 Solomon Berson na Rosalyn Yalow walithibitisha kwamba miili ya wagonjwa hutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoikamata insulini hiyo ngeni, hivyo sehemu ya kila sindano ikawa haifanyi kazi na baadhi ya wagonjwa wakalazimika kuongeza dozi mno. Asili hiyo ya wanyama ilikuwa pia na uzito wa kidini katika mji kama Tanga, wenye Waislamu wengi na jamii ya Wahindu ya muda mrefu, kwa kuwa insulini ya nguruwe iliwagusa wa kwanza na ya ng'ombe ikawagusa wa pili. Kwa Waislamu, kanuni ya dharura, inayohalalisha kilichokatazwa pale uhai unapokuwa hatarini na mbadala haupo, ilitoa njia. Insulini inayofanana na ya binadamu, inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni, iliyoidhinishwa mwaka 1982, iliyapunguza matatizo yote mawili.

Mkojo, moto na rangi

Dozi haiwezi kupandishwa kwa busara pasipo kipimo, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kipimo kilikuwa mkojo. Njia iliyotumika zaidi ilikuwa ya kemikali ya Benedict, maji ya buluu yenye shaba: mililita tano za kemikali hiyo humiminwa katika bomba la kioo, yakadondoshewa matone manane ya mkojo na kuchemshwa kwa dakika kadhaa juu ya moto au ndani ya maji yanayotokota, kisha rangi husomwa. Yakibaki buluu hakuna sukari. Kijani ni kidogo, njano ni zaidi, rangi ya chungwa ni nyingi, na wekundu wa tofali humaanisha kwamba sukari imefurika. Njia hiyo ilikuwa rahisi na ilifanyika hata katika zahanati ya shambani, lakini ilikuwa na kasoro mbili kubwa, kwani mkojo hueleza yaliyopita saa kadhaa kabla, na haumtofautishi mtu ambaye sukari yake iko sawa na yule ambaye imeshuka kiasi cha kumhatarisha, maana wote wawili mkojo wao hubaki buluu.

Kasoro ya pili ilikuwa na athari ya moja kwa moja katika suala la dozi. Mganga asiyeweza kujua ni lini sukari inashuka huogopa kuongeza yuniti, na woga huo ulikuwa wa haki, kwa sababu mtoto anayeshukiwa sukari usiku nyumbani, mbali na hospitali, anaweza kufa kabla ya alfajiri, ilhali mwenye sukari iliyopanda kiasi huishi na madhara yake huonekana baada ya miaka. Hivyo ikajengeka desturi ya kumwacha mgonjwa juu kidogo kwa usalama. Stripu za kupimia damu zilianza kutumika katika miaka ya 1960, na mashine ndogo za nyumbani zikaenea katika nchi tajiri miongo miwili baadaye. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993 ukathibitisha kwamba kuidhibiti sukari kwa karibu, kwa kupima mara nyingi na kurekebisha dozi, hupunguza sana madhara ya macho, figo na mishipa ya fahamu. Kwa familia ya Chumbageni, hata hivyo, mashine bila stripu ni pambo, na bei ya stripu ndiyo iliyoamua kama matokeo ya utafiti huo yangewahusu.

Hesabu ya Dar es Salaam na sanduku la dawa

Picha ya wazi zaidi ya hali ya Tanzania katika kipindi cha baada ya uhuru ilitolewa Dar es Salaam, ambako daktari Mskoti Donald McLarty na wenzake Watanzania, akiwemo Andrew Swai, waliwafuatilia wagonjwa wa kliniki ya Muhimbili. Kati ya wagonjwa wapya 1,250 walioandikishwa kati ya 1981 na 1987, takriban mmoja katika kila watano alihitaji insulini, na miongoni mwa waliohitaji insulini ni takriban asilimia 71 tu waliokuwa hai baada ya miaka mitano. Utafiti mwingine wa kundi hilo, uliochapishwa mwaka 1993, ulikadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 1.5 katika kila 100,000 wa Dar es Salaam walipatikana na kisukari cha aina ya kwanza, kiwango kidogo sana kikilinganishwa na cha Ulaya ya Kaskazini. Udogo huo huenda unatokana kwa sehemu na tofauti za kweli za kinasaba na mazingira, na kwa sehemu na watoto waliofariki bila kutambuliwa, na uwezekano huo wa pili ni mzito zaidi kwa mkoa kama Tanga, uliokuwa mbali na kliniki kubwa.

Mwaka 1992 watafiti hao walichapisha hesabu ya gharama: kumtibu mgonjwa anayehitaji insulini kuligharimu wastani wa dola 287 kwa mwaka, dhidi ya dola 103 kwa asiyeihitaji, na katika gharama za kliniki za mgonjwa wa insulini zaidi ya theluthi mbili zilikuwa za dawa hiyo peke yake. Hesabu hiyo inapoangaliwa kwa jicho la dozi inayopanda, maana yake inakuwa nzito zaidi, kwa sababu wastani huficha umri. Mtoto wa kilo 25 anayetumia yuniti 20 kwa siku humaliza yuniti 600 kwa mwezi, yaani chini ya kichupa kimoja cha mililita 10 chenye yuniti 1,000. Kijana wa kilo 50 aliye katikati ya balehe, akihitaji yuniti 60 kwa siku, humaliza 1,800, karibu vichupa viwili. Ni mtoto yuleyule, ndani ya miaka michache, na mahitaji yake yamekuwa mara tatu bila ya yeye au wazazi wake kukosea chochote.

Mfumo wa ugavi haukuundwa kumfuata mtoto huyo. Shirika la Afya Duniani liliweka insulini katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, lakini miaka iliyofuata ilikuwa ya vita vya Kagera, uhaba wa fedha za kigeni na kuanguka kwa mapato ya mazao, yakiwemo ya mkonge uliokuwa uti wa mgongo wa Tanga. Mpango wa dawa muhimu ulioanza mwaka 1984 uliziokoa zahanati na vituo vya afya kwa kuvipelekea masanduku yaliyofungwa tayari, yenye aina na idadi ileile ya dawa kwa kila kipindi, na kwa malaria, minyoo na maambukizi ya kawaida utaratibu huo ulikuwa wa manufaa makubwa. Ila sanduku lenye idadi maalumu ni kinyume kabisa cha ugonjwa ambao kila mgonjwa ana kiasi chake na kiasi hicho hubadilika, na insulini, inayohitaji baridi, ilibaki kuwa dawa ya hospitali. Bohari ya Dawa ilipoanzishwa kwa sheria mwaka 1993 na vituo vikaanza baadaye kuagiza kwa mahitaji yao, tatizo lilibadilika sura, maana maagizo hukadiriwa kutokana na matumizi ya miezi iliyopita, na kituo ambacho watoto wake watatu wameingia balehe pamoja huwa kimeshaagiza pungufu kabla hakijajua.

Wagonjwa walijibu uhaba huo kwa njia zinazofahamika na kila muuguzi wa kliniki: kuruka sindano ya asubuhi, kupunguza yuniti ili kichupa kifike mwisho wa mwezi, kugawana baina ya ndugu, na kula kidogo ili kuchoma kidogo. Vipimo vya mabomba ya sindano viliongeza hatari, kwa kuwa kabla ya dunia kuhamia kiwango kimoja cha yuniti 100 kwa mililita, uhamisho uliofanyika Uingereza mwaka 1983 na kuchelewa zaidi kwingineko, vichupa vya yuniti 40 na 80 vilitumika, na mtu aliyevuta insulini mpya kwa bomba la zamani la yuniti 40 alijichoma mara mbili na nusu ya alichokusudia.

Joto, unyevu na nyaya za Pangani

Katika pwani, si kila dozi inayopanda hupanda kwa sababu za mwili. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selisiasi, na iliyofunguliwa hutumika kwa takriban wiki nne katika joto la kawaida la chumba. Ikipata joto kali huharibika bila kubadilika sana kwa macho, sukari ikapanda, na mgonjwa akaongeza yuniti za dawa iliyokufa. Anapokuja kufungua kichupa kizima akaendelea na dozi ileile iliyoongezwa, sukari huanguka ghafla, na chanzo cha ajali hiyo hakionekani kwa mtu asiyejua kwamba nguvu ya dawa ndiyo iliyobadilika.

Tanga ilikuwa na bahati fulani katika suala la baridi. Kampuni ya umeme ya TANESCO ilianzishwa mwaka 1931 kwa ajili ya kuzalisha umeme katika maporomoko ya Mto Pangani, ikiyalenga mashamba ya mkonge na mji, na kituo cha Hale kikafuata mwaka 1964, hivyo ukanda huu ulipata nyaya mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Lakini nyaya zilizojengwa kwa ajili ya mitambo ya kusindika katani hazikuingia katika kila nyumba, na jokofu lilibaki kwa miongo mingi kuwa chombo cha ofisi, duka na nyumba za wachache. Wengine waliweka dawa kwa jirani au kwa muuza vinywaji baridi, au katika mtungi wa udongo.

Mtungi hupoza kwa sababu maji yanayopenya vinyweleo vyake huchukua joto yanapogeuka mvuke, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 juu ya vyombo vya kienyeji vya kuhifadhia insulini ulithibitisha kwamba mitungi ya namna hiyo hushusha joto, hasa penye hewa kavu. Hapo ndipo pwani inapotofautiana na nyika, kwani hewa yenye unyevu mwingi hupunguza uvukizi, na mtungi unaofanya kazi vizuri Dodoma hufanya kazi pungufu Tanga, hasa kaskazi inapovuma kati ya Desemba na Machi na wakati wa masika yanayofuata. Masika hayo pia ndiyo msimu wa mbu na homa, na mwili wenye malaria huhitaji insulini zaidi, kwa kuwa homoni za msongo zinazotolewa wakati wa maambukizi hupandisha sukari hata kama mgonjwa hali. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliochapishwa mwaka 2021, ukitumia hali halisi ya joto ya nyumba katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ulileta nafuu: insulini iliyokaa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu kiasi cha kutofautiana na iliyokaa ndani ya jokofu. Matokeo hayo hayakuondoa haja ya baridi katika bohari, ila yalionyesha kwamba kukosa friji nyumbani si sababu ya kumnyima mgonjwa kichupa cha kwenda nacho.

Futari, daku na saa za sindano

Mlo wa pwani nao una nafasi yake katika historia hii. Wali wa nazi, mihogo, vitumbua, maandazi, tende na halua huingiza wanga na sukari kwa wingi, na kwa siku ya kawaida mtu anaweza kuzoea kiasi chake. Katika mwezi wa Ramadhani mpangilio wote hugeuka, sehemu kubwa ya chakula huhamia usiku, na mahitaji ya insulini huhama nacho. Sharia humruhusu mgonjwa kutofunga, na mwongozo wa kimataifa kuhusu kisukari na Ramadhani uliotolewa mwaka 2016 uliwaweka wenye aina ya kwanza katika kundi lenye hatari kubwa, lakini kijana anayeishi katika kaya inayofunga mara nyingi hutaka kufunga na wenzake. Kwa anayeamua hivyo chini ya uangalizi, dozi ya futari huweza kuhitaji kuongezwa na ya daku kupunguzwa, na jambo linalodhihirika hapo ni kwamba insulini ya mchanganyiko wa asilimia 30 ya haraka na 70 ya taratibu, iliyozoeleka kwa urahisi wake katika kliniki nyingi za umma, haimpi mtu nafasi ya kubadilisha sehemu moja bila ya nyingine.

Nani ana ruhusa ya kuongeza

Mabadiliko makubwa ya miongo ya karibuni yamehusu mamlaka juu ya dozi pamoja na upatikanaji wa dawa. Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, kimekuwa mstari wa mbele katika kueneza elimu na kliniki nje ya Dar es Salaam, na mpango wa kimataifa wa kampuni ya Novo Nordisk kwa watoto wenye kisukari, ulioanza mwaka 2009 na ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zake za mwanzo, umewapatia watoto insulini, stripu na mafunzo bila malipo. Agosti 2022 nchi za Afrika zilizokutana Lomé chini ya Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkakati wa kushusha matibabu ya maradhi makali yasiyoambukiza, kikiwemo kisukari cha aina ya kwanza, hadi hospitali za wilaya, na mwaka 2023 Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Hatua hizo zimeongeza idadi ya wanaoishi, na kwa sababu hiyo zimeongeza pia idadi ya wanaobalehe, wanaooa, wanaoolewa na kushika mimba wakiwa na ugonjwa huu, yaani watu ambao dozi zao zitapanda. Kliniki inayomwona mgonjwa mara moja kwa mwezi haiwezi kumrekebishia yuniti kila anapougua, kila anaporefuka au kila mimba inapoongeza wiki, hivyo kazi hiyo lazima ihamie kwa mgonjwa na mzazi, waliofundishwa kusoma mashine, kuongeza kidogo kwa hatua na kusubiri matokeo kabla ya kuongeza tena, kupima ketoni au kukimbilia hospitali penye homa na kutapika, na kutoacha kabisa sindano hata chakula kisipolika. Utaratibu huo huzaa swali la kiutawala ambalo mfumo wa kiasi kisichobadilika haukuwahi kuliuliza: mama wa Chumbageni anayemwongezea mtoto wake yuniti nne kwa sababu kipimo kimemwonyesha hivyo atamaliza kichupa kabla ya tarehe ya kliniki, na dirisha la dawa linapaswa kumpa kingine bila ya kumhesabu kuwa mtumiaji mbaya.

Kwa hiyo mafanikio ya insulini katika pwani ya Tanga hayawezi kupimwa kwa idadi ya watoto walioanzishiwa dawa pekee. Kipimo cha haki zaidi ni kama bohari inakadiria mahitaji kwa umri na uzito wa wagonjwa waliopo badala ya matumizi ya mwezi uliopita, kama msaada unaotolewa utotoni unaendelea baada ya kijana kuvuka umri uliowekwa, na kama mtoto aliyegunduliwa akiwa na miaka minane anafikia miaka 18 akiwa na kimo cha ndugu zake. Jibu la maswali hayo liko katika kadi za kliniki na katika vipimo vya urefu na uzito vinavyochukuliwa kila ziara, na hospitali inayovitunza kwa mpangilio itakuwa na historia sahihi ya ugonjwa huu kuliko makala yoyote.